Kofia ya Mgeni Rasmi

Hapa Tabora kuna wazee ambao wakiniona natokea mbele yao wanashika kofia kwa mikono miwili kama vile kumevuma upepo, na wengine wala hatufahamiani, wameniona tu kwenye simu za watu. Sasa kwa kuwa aibu yangu imeshafika Nzega ikanywa chai ikarudi, nimeona bora niisimulie mwenyewe, maana inavyosimuliwa na wengine mimi ni mwizi, na mimi si mwizi, mimi nilikuwa mjinga tu, na kati ya mwizi na mjinga kuna tofauti (ingawa siku ile hata mama yangu mzazi hakuiona).

Mambo yalianzia kwa Madam Tumaini, mwalimu wetu wa Kiingereza kidato cha tatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia viazi stendi, ambaye alikuja na imani kwamba Kiingereza chetu kinakufa kwa sababu ya mkazo. Alisema Kiswahili kimetudekeza, kila neno mkazo unakaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, ka-RA-nga, na ugali mtu akiutamka U-ga-li watu wanacheka, ni u-GA-li, hakuna cha kufikiri, lakini Kiingereza mkazo wake unahama kama mfugaji mwenye ng'ombe wengi. Na wabaya kuliko wote, akasema, ni yale maneno ya sifa yaliyounganishwa mawili kwa kistari, kama kind-hearted, yaani mwenye moyo mwema. Hayo kwanza uyakate silabi, halafu utafute mkazo umejificha wapi.

Dawa yake ilikuwa hii: silabi nyepesi unapiga kofi, silabi yenye mkazo unapiga kishindo cha mguu. Kind-HEART-ed. Pa, dum, pa. Na kuna ujanja ndani yake, kwamba neno likikaa peke yake mwisho wa sentensi kishindo kinaangukia kwenye kipande cha pili, lakini likitangulia jina, kishindo kinarukia mbele: a KIND-hearted MAN. Dum, pa, pa, dum. Kwa nini kinaruka, tulimuuliza, akasema kwa sababu mikazo miwili haipendi kukaa jirani, inagombana, basi mmoja unahama. Hapo tukamwelewa wote, maana nani hana majirani.

Nyie, ule ugonjwa ulienea. Baada ya wiki chache shule nzima ilikuwa inapiga vishindo, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, kwa sababu Madam Tumaini alikuwa anatufundisha wote. Mtu akitamka neno lenye kistari mahali popote, hata kwenye foleni ya makande, miguu inajibu yenyewe. Mpishi alilalamika kwamba masufuria yanatikisika. Shikeni hilo la miguu kujibu yenyewe, kwa sababu ndilo lililonizika.

Basi ikatangazwa kwamba siku ya wazazi kutakuwa na mashindano ya matamshi, wanafunzi wawili wawili, kila jozi na neno lake, mmoja anakata silabi, mwenzake anaonyesha mkazo, kisha wanaliingiza kwenye sentensi. Jozi itakayoshinda itapelekwa Kigoma kwa treni kushindana na shule za kule. Mimi nikapangwa na Perpetua. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya mguu (Madam Tumaini alisema nina kishindo kizuri, na hiyo ndiyo sifa pekee ya kitaaluma niliyowahi kupewa), Perpetua alichaguliwa kwa sababu ana akili.

Kuhusu Perpetua mjue jambo moja. Kwao ni Puge, wakulima, Wakatoliki wa kusali rozari mpaka shambani, na mama yake alikwenda Kigoma mwaka jana kumuuguza bibi yake, mguu wa bibi ukakataa kupona, mama akabaki hukohuko. Perpetua hajamwona tangu wakati ule. Nauli ya kwenda na kurudi hapo kwao ni ndoto, kwa hiyo yeye alipolisikia lile tangazo hakusikia mashindano, alisikia mama. Alikuwa ananikamata kila mapumziko tufanye mazoezi nyuma ya bweni la wasichana, pa dum pa, pa dum pa, mpaka pakaota kipara pale chini, nyasi zote zimekufa. "Elia," ananiambia, "mimi sijawahi kukuomba kitu. Siku hiyo usifanye utani." Namjibu, "Perpe, mimi na utani wapi na wapi."

Siku ikafika. Wazazi wakajaa bwalo, mama yangu kafika kutoka Itetemia asubuhi na mapema, kajifunga khanga mpya kabisa, kakaa mstari wa tatu ili aone vizuri (heri angekaa nje). Mgeni rasmi alikuwa Mzee Ramadhani, mwalimu mstaafu wa Kiingereza anayeishi Dar es Salaam, na yeye ndiye angechagua jozi ya kwenda Kigoma.

Kabla shughuli haijaanza nikatumwa kuchukua viti upande wa ofisi. Nikapita chini ya dirisha, pazia limeshushwa, nikasikia wanaume wawili ndani wanashambuliana, lakini kwa raha, sauti zimefunikwa na kicheko hata sikuzitambua.

"Nyie mkiona mzigo tu kichwa kinawasha. Nashangaa begi lako limekuja ndani ya gari, hukujitwika."

"Heri sisi tunaojitwika. Nyie si mlikuwa mnakaa pwani kutusubiri tulete, mkichoka kusubiri mnacheza ngoma."

"Mnyamwezi wewe, ulifika Bagamoyo ukaona bahari, ukauliza nani kaimwaga."

"Na wewe Mzaramo ulifika Tabora ukaona jembe, ukauliza linaliwaje."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mimi pale nje nimeuma mkono nisicheke. Halafu mlango ukafunguliwa, wakatoka wawili: Mzee Ramadhani, kanzu nyeupe, kofia ya kufumwa imemkaa kichwani vizuri, Kiswahili laini kama cha redio, na Mwalimu Salumu, mwalimu wa nidhamu, suti ya kijivu na fimbo kwapani. Huyu Mwalimu Salumu sisi tunamwita Radi, na sidhani kama nahitaji kueleza kwa nini.

Akili yangu ikapiga hesabu ya haraka. Huyu wa kanzu katoka Dar, anaongea laini, ndiye Mzaramo. Radi yuko Tabora miaka yote, anatusalimia "mwangaluka" asubuhi getini kabla ya kutuchapa kwa kuchelewa, ndiye Mnyamwezi. (Kana kwamba sokoni hapa mjini sijaona Wanyamwezi wenye kanzu tangu nazaliwa. Kana kwamba mtu akikaa Dar anabadilishwa damu. Lakini hayo nayasema leo.)

Sasa kama hamjui utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, babu yangu alinieleza hivi: zamani wazee wetu walikuwa wanatoka huku na mizigo kichwani, wanatembea mpaka pwani, wakifika wanakaa ugenini kwa Wazaramo, wanapewa maji, wanaibiwa, wanazikana, wanachekana, mpaka ikawa udugu wa matusi. Mtani wako unamwambia chochote na hana ruhusa ya kukasirika. Unaweza hata kumpora kitu chake mbele za watu, na yeye hawezi kukichukua bure, lazima akikomboe. Babu mwenyewe alishawahi kumpora Mzaramo kiatu kimoja msibani, yule mtu akazika na kiatu kimoja, na marehemu, alivyosema babu, angefurahi.

Kwa hiyo nilipobeba vile viti kichwa kilikuwa kinachemka. Wenzetu wote watapanda jukwaani na maneno ya kumsifu mgeni, kind-hearted, good-looking, hard-working, atasinzia. Mimi nitamfanyia utani wa kweli, wa jadi, atafurahi, atasema huyu ndiye mtoto wa Tabora, na Kigoma tumeshafika. Mnaona? Nia yangu ilikuwa Kigoma. Nia yangu ilikuwa mama yake Perpetua. Hilo hakuna aliyelichukua video.

Nikamwambia Perpetua kwa mbali, "Tukibadilisha neno je?"

Akanigeukia macho yamemtoka. "Elia, usiniharibie. Tufanye tulivyofanya mazoezi."

"Sawa," nikasema.

Ile sawa ndiyo uongo mfupi kuliko wote niliowahi kusema na ndio ulionigharimu zaidi.

Tukaitwa. Tukapanda. Perpetua akasogea mbele, mikono ameshaiweka tayari kwa kofi la kwanza, akasema kwa Kiingereza safi kwamba neno letu ni, akavuta pumzi, na ndani ya ile pumzi mimi nikaingia.

"Bald-headed," nikasema. Mwenye upara.

Kumbukeni ile miguu inayojibu yenyewe. Bwalo lote, wanafunzi wa madarasa yote manne, bila kufikiri, bila kuangalia nani kakaa mbele, wakapiga: pa, DUM, pa. Vumbi likadondoka darini. Wazazi, ambao wengi wao Kiingereza hawakisumbui na chenyewe hakiwasumbui, wakaona jambo zuri, wakapiga makofi. Mama yangu akapiga vigelegele. Perpetua mikono yake ikabaki hewani.

Nikaendelea, nimevimba kichwa. Nikasema mgeni wetu ni bald-headed. Pa, DUM, pa. Mzee Ramadhani akaniangalia bila kupepesa, nami nikajua (nilikuwa najua sana siku ile) kwamba mtani mzuri hujifanya kakasirika kwanza. Kwenye kona nikamwona Madam Tumaini anatikisa kichwa taratibu, nikadhani anafuata mapigo.

Ikabaki sehemu ya pili ya somo, ile ya mkazo kurukia mbele. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba yeye ni a bald-headed man, na ili darasa lisiachwe na shaka, nikashuka ngazi mbili, nikamfikia pale alipokaa, nikamvua kofia, nikaivaa mimi.

DUM, pa, pa, DUM.

Na kweli alikuwa na upara. Upara safi, umepakwa mafuta, unaakisi madirisha yote ya upande wa mashariki. Hapo sasa wazazi nao wakaelewa Kiingereza chote kwa mkupuo mmoja.

Nimeshakaa kanisani, nimeshakaa msibani, nimeshakaa chumba cha mtihani wa hesabu, lakini kimya kama kile sijakisikia. Kuku wa mpishi alilia nje, tukamsikia vizuri, maskini hakujua kinachoendelea. Mimi bado natabasamu, nasubiri mtani wangu aanze kukomboa. Mzee Ramadhani akatoa kitambaa, akajifuta kichwa pole pole, kuanzia mbele mpaka nyuma, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Kisha akasema:

"Mkazo mmeuweka sawasawa. Kofia ndiyo mmeiweka pabaya."

Watu wawili watatu wakacheka, wakajutia.

"Nani kakuruhusu, kijana?"

"Utani, mzee," nikasema, na tabasamu langu linaanza kuchoka. "Mimi Mnyamwezi, wewe Mzaramo."

"Mimi nani?"

"Mzaramo."

Akageuka kwa wazazi kama anayetafuta shahidi, akanirudia. "Wewe Mnyamwezi wa wapi?"

"Itetemia. Lakini asili yetu Lusu, babu yangu ndiko alikozaliwa."

"Lusu," akasema. "Basi mimi ni Ramadhani, mtoto wa Lusu, nimechunga mbuzi Lusu, na wazazi wangu wote wawili wamezikwa Lusu. Kama babu yako ni wa kule, mimi kwako ni baba. Mtoto akimvua baba yake kofia mbele za watu huwa mnafanyaje huko Itetemia?"

Jamani, hamjawahi kuhisi kofia inavyokuwa nzito. Nilitaka kuivua lakini mikono ilikataa kupanda. Mama yangu pale mstari wa tatu alikuwa ameshajifunika ile khanga mpya kichwa kizima, amebaki kama fenicha inayohamishwa, na kutoka ndani ya khanga nikasikia, "Elia mwanangu umenimaliza, umenimaliza kabisa." Mzazi mmoja alikuwa ameinua simu tangu mwanzo, anachukua video, na hata hapo hakuishusha.

Mkuu wa shule akasimama. Akasema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya mkuu wa shule ni mbaya kuliko ya juu, "Jozi hii imetoka kwenye mashindano. Mengine ofisini."

Ndipo nikamkumbuka Perpetua. Nilikuwa nimemsahau, mnaamini? Nikageuka juu jukwaani, yuko palepale, mikono bado iko hewani kwa lile kofi ambalo hakulipiga, na machozi yanatiririka bila sauti, hayafuti. Hakuniangalia kwa hasira. Hakuniangalia kabisa. Alikuwa anaangalia mlango wa bwalo, upande wa reli.

Mimi ni mtu wa mzaha, mnanijua, nikianguka nacheka kabla hamjanicheka, lakini pale kicheko kilitafutwa kikakosekana. Nikavua ile kofia, nikapiga magoti hapohapo sakafuni na suruali yangu ya siku ya wazazi, nikaishika kofia kwa mikono miwili, nikasema, "Shikamoo, baba."

(Maana kumbe hata kumsalimia sikuwa nimemsalimia.)

Hakuitika. Mzee yule aliniacha nining'inie na shikamoo yangu, akatazama dirishani, akatazama saa, mimi magotini, bwalo limetulia. Marahaba ikicheleweshwa, wenzangu, ni adhabu ambayo fimbo haioni ndani.

Nikasema tena. "Shikamoo, baba. Kosa langu peke yangu. Mwenzangu hakujua, yeye neno lake ni jingine, ni kind-hearted..."

Pa, dum, pa, wakajibu kidato cha kwanza kule nyuma. Wapumbavu wale. Radi akawageukia, wakafa.

"...na mama yake yuko Kigoma," nikamalizia, "hajamwona mwaka mzima. Mimi nitoeni. Yeye mwacheni aseme."

Mzee Ramadhani akamwangalia Perpetua. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayepitisha kitu mlango wa nyuma, akasema, "Marahaba." Halafu akamwambia mkuu wa shule, "Mpeni binti nafasi, aseme peke yake."

Lakini kabla binti hajasema, kishindo kingine kilikuja, cha viatu. Radi anashuka kutoka meza ya walimu. Fimbo kwapani, anakuja moja kwa moja kwangu. Nikafumba macho. Nikahisi kofia inatolewa mikononi mwangu. Nikafumbua, nikaona jambo ambalo mpaka leo nikiwa na homa nalirudia ndotoni: Radi kaivaa ile kofia, kaiweka upande upande, anacheka meno yote. Sikuwa najua ana meno.

"Mzee Ramadhani," akasema, "sasa kofia imefika kwa mwenye haki nayo. Mzaramo ni mimi. Wanyamwezi mmefikia kuporana nyie kwa nyie, watani wenu tufe njaa?"

Bwalo likapasuka. Walimu wanaangaliana, hata mkuu wa shule hakuwa anajua, maana nani anamuuliza mwalimu wa nidhamu kabila lake. Na Mzee Ramadhani, kwa mara ya kwanza, akaanza kutikisika mabega.

"Nirudishie kofia yangu, mvivu wewe."

"Hairudi bure. Wameikamata Wanyamwezi, wataikomboa Wanyamwezi."

"Kwa nini nikomboe? Sikuipoteza mimi."

"Si mtoto wenu wa Lusu huyu? Basi nakukamata na yeye. Zawadi zote utakazopewa leo atazibeba kichwani mpaka unapolala, nami nitafuata nyuma kuhakikisha mkataba wa mababu unatekelezwa."

"Mchukue," akasema Mzee Ramadhani bila kufikiri hata kidogo. "Mbebeshe na begi."

Ndivyo nilivyouzwa, mbele ya mama yangu, ambaye alitoa jicho moja nje ya khanga, akasema, "Na viazi nilivyoleta mimi vijumlishwe."

Kikawa kicheko cha kuegemeana. Perpetua akangoja kikaisha. Akafuta uso kwa kiganja, akasogea mbele, akasema neno lake, kind, heart, ed, akalikata kama anakata embe kwa kisu kikali, kofi, kishindo, kofi, akaliweka mwisho wa sentensi, akalirusha mbele ya jina, mkazo ukaruka pale pale ulipotakiwa kuruka. Sauti ilitetemeka kwenye la kwanza tu. Mzee Ramadhani akamwuliza kwa Kiingereza kama analo la pili, ambalo halikuandaliwa. Akafikiri. Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu nimharibie.

"My friend Elia," akasema, "is empty-headed."

Kichwa kitupu. Emp, ty, HEAD, ed. Pa, pa, DUM, pa, likajibu bwalo zima, na safari hii na Madam Tumaini, na mkuu wa shule, na mgeni rasmi kwa mguu wake mwenyewe. Akamalizia kwamba mimi ni an EMP-ty-headed BOY, mkazo ukahamia mbele, na miguu ikauhamisha. Sijawahi kutukanwa kwa usahihi kiasi kile.

Akashinda. Wala hakukuwa na mjadala. Mwenzake wa kwenda naye akapewa Shabani, mgonga kengele, mtu anayekunja soksi zake kwa vipimo.

Jioni nikatekeleza mkataba: begi la mgeni, ndoo ya asali, gunia dogo la karanga, na vile viazi vya mama juu kabisa, mama alivifunga mwenyewe. Kutoka shuleni mpaka nyumba ya wageni tukapita katikati ya mji, Radi nyuma na ile kofia kichwani anawaeleza wapita njia kwa Kiswahili chake kirefu kwamba mali imefika kutoka bara, Mzee Ramadhani pembeni yake kichwa wazi anajibishana naye, na nyuma yao watoto, pa pa DUM pa, pa pa DUM pa, mpaka mafundi viatu wakasimamisha nyundo zao kutupisha. Kama wazee wetu kweli walikwenda hivi mpaka pwani, nawaheshimu kutoka shingoni.

Siku aliyosafiri Perpetua nilikwenda stesheni bila kutumwa. Nikamkuta na sanduku lake la bati, nikajitwika, nikaliingiza ndani ya behewa, nikatoka, nikasimama chini ya dirisha lake. Yeye akasema, "Usidhani nimekusamehe." Nikasema, "Sidhani." Treni ikaanza kuvuta. Akatoa kichwa dirishani, akasema, "Nikirudi tutaangalia."

Alikaa kule siku zaidi ya zilizopangwa: mashindano walishindwa (Shabani alipiga kishindo kwenye silabi nyepesi, nasema tu), lakini Madam Tumaini akamruhusu abaki mpaka treni iliyofuata. Aliporudi alikuwa kanenepa mashavu. Akaniambia kwamba siku ya kwanza mama yake hakumtambua, alimwita "binti, unamtafuta nani," halafu akadondosha sufuria. Akaniambia hivyo, akanisogezea kifurushi cha dagaa. "Mama kakupa wewe. Nilimsimulia yote akakupa wewe, mimi sijui kwa nini." Nikajua nimeangaliwa, nikapita.

Kwa hiyo nimeapa. Utani siuachi, nitakufa, lakini siku hizi kabla sijafungua mdomo namsalimia mtu, nauliza kwao, nauliza kwa mama yake, nauliza kwa bibi yake, na mpaka nimalize kuuliza hamu ya kutania imeshapoa, nadhani ndiyo maana ya kuuliza.

Tatizo limebaki moja. Radi amekumbuka kwamba yeye ni Mzaramo. Kila asubuhi ananisubiri getini, "mwangaluka, mtani," na ananipora: leo mkanda, kesho kalamu, juzi kiatu kimoja, nimekaa vipindi vyote mguu mmoja kwenye saruji, na kila kitu nakikomboa kwa kubeba, maji, madawati, vitabu vya kusahihisha. Wenzangu wananichochea: si ni mtani wako, na wewe mpore, ni haki yako. Na kweli ni haki yangu kamili, tena ya mababu, mbele ya mtu yeyote, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Nimemchunguza kuanzia kichwani mpaka miguuni nikitafuta cha kupora. Saa yake imebana sana, kofia havai, na kitu pekee kilicho karibu na mkono wangu ni ile fimbo.

Nimeamua kumwachia.